Mkeka wa Mikono Mitupu

Baba Kabedi, mume wangu,

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha masista wa shule, maana kile chetu cha nyumbani kitanifanya nisikie ukinijibu, na leo sitaki unikatize. Miaka yote tuliyokaa pamoja hapa Likasi hukuniacha nimalize tuhuma hata moja. Nikifungua mdomo tu, unacheka: "Polisi ya nyumba iko naanza tena." Haya, polisi ameketi mezani na kalamu, na wewe huna mdomo wa kumchekea. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Na wala siombi radhi kwa tabia yangu. Katika mji huu kila mtu anamtazama mwenzake. Siku ya salongo, tukifagia barabara kwa amri, kuna anayefagia na kuna anayeangalia nani hafagii. Ukinunua nyama, jirani anajua kabla haijaiva. Mimi angalau nilikuwa nachungulia chungu changu mwenyewe.

Nianzie kwenye kilio cha jirani yetu, baba Ilunga, maana huko ndiko jambo lilikoanzia bila mimi kujua. Mkewe, unamkumbuka, magoti yalikuwa yamemvimba, hawezi kukaa chini. Wamama wa kanisa wakamhurumia, wakampa kiti. Kiti tu, Baba Kabedi, kiti cha mbao cha jikoni! Ndugu za marehemu wakaanza kunong'ona: mjane gani huyu amekaa juu kama chifu, na sisi wenye damu tuko chini? Mwenye uchungu hukaa kwenye mkeka, wakasema, na aliyekaa kiti ana lake jambo. Udongo wa kaburi haujakauka, neno lenyewe likatoka, kwamba amemla mumewe kwa uchawi. Wakamtoa nyumbani na sufuria zake, watoto wakachukuliwa na shangazi yao. Wewe ulikuwa umesimama na wanaume karibu na moto. Nilikuona unamtazama yule mama akiondoka na godoro kichwani. Njiani kurudi hukusema kitu, nami nilifikiri umechoka na zamu ya kiwanda cha Shituru.

Siku chache baadaye tulikuwa tunakula bukari ya mahindi na sombe ya majani ya mihogo. Nikainuka kutoka kwenye kigoda changu kama nilivyozoea, mkono mmoja mlangoni, mwingine mezani, huku nikiita watakatifu wote niliowajua. Ukaacha kula.

"Ngalula, magoti yako inapiga kelele kuliko weye."

"Ni uzee."

"Haina uzee. Kesho utaenda kwa Monita."

Aka! Nilirudi kukaa bila kutaka. Mwanaume aliyekuwa anaruka miguu yangu kila jioni apite kwenda kusikiliza redio, leo anaona uchungu wa magoti? Mwanaume anayeuliza habari za magoti ya mkewe anapanga jambo. Kwanza nikashuku mwanamke: unataka nitoke nyumbani asubuhi ili yeye aingie. Halafu nikashuku kijiji. Nilijua wenzako waliochoka na kazi walikuwa wanarudi Kasai na wake zao, na kule mke anapewa jembe siku ya pili. Nikasema, kumbe huyu ananinolea jembe! Anataka nikomae nikamlimie mihogo kwa babu zake, mimi niliyezaliwa hapa hapa kwenye kambi ya wafanyakazi.

Huyo Monita naye nilimshuku kabla sijamwona. Watu walisema alifundisha mazoezi ya viungo shuleni mpaka goti lake mwenyewe likamwangusha kwenye mpira, na sasa anakusanya watu wa umri wetu nyuma ya nyumba yake, kule Kikula, ndani ya ukuta wa matofali, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Hakuna ngoma, hakuna bendera, hakuna sala. Wanaingia wanachechemea, wanatoka wanacheka. Nikasema hii ni siasa au ni uchawi, na vyote viwili vinaleta balaa mlangoni.

Kwa hiyo nilienda kupeleleza. Mazoezi yalikuwa kisingizio tu.

Nilikuta viti. Naapa, viti tu, na watu wazima wanakaa na kusimama, wanakaa na kusimama, kama kanisa lisilo na padri. Kulikuwa na fundi cherehani, na dereva wa zamani wa treni mwenye kitambi, na mama mmoja muuza mikate ambaye bega lilikuwa limekataa kupanda. Monita akanipa kiti, akaweka matofali matatu chini ya kila mguu wa kile kiti ili kiwe juu, nisishuke mpaka kule kunakouma.

"Mama, simama, mikono ku kifua. Muzuri. Sasa kaa, lakini polepole, sawa vile hautaki kuamsha mutoto. Kushuka njo kazi. Kuanguka ku kiti, hata mufuko ya bunga inaweza."

Dereva wa treni akacheka. Nikamtazama mpaka akanyamaza. Nikashuka polepole, na mapaja yakatetemeka kwa namna ambayo sikuijua tangu nilipokuwa msichana.

"Inauma?" akauliza Monita.

"Inaungua."

"Kuungua ni muzuri, ile ni nyama inatumika. Kama inachoma sawa sindano mu goti, simama, uniambie. Hapa hatuna kuruka. Kuruka ni ya batoto. Sisi tunatafuta muntu mwenye kutoka ku choo bila kuita bantu."

Kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyojazwa mchanga, ya kubeba mikononi. Kulikuwa na mipira ya ndani ya baiskeli imefungwa kwenye nondo ya dirisha, unaingiza mguu, unavuta taratibu nyuma, taratibu pembeni. Tulisukuma ukuta. Tulilala chali na kuinua nyonga, na hapo nilivuta kitenge changu vizuri kwanza, maana macho ya dereva nilikuwa nimeyaona. Mwisho nikashindwa kujizuia, nikamuuliza Monita mbele ya wote: "Na majina yetu unampelekea nani?"

Fundi cherehani akakohoa, akaanza kutafuta kofia yake.

"Minye hata majina sishike, mama," Monita akasema. "Weye nakuita Mama wa Matofali Tatu."

Walicheka wote, na mimi nikacheka kidogo, lakini sikumwamini. Nilirudi keshokutwa ili kuendelea kutomwamini.

Miezi ikapita. Monita akatoa tofali moja, baadaye la pili. Siku aliyotoa la mwisho nilikaa na kusimama kwenye kiti cha kawaida, kopo la mchanga mikononi, bila kushika kitu na bila kuita mtakatifu yeyote, na machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga, nikitaka kukuonyesha. Na hapo hapo furaha ikageuka, maana nikakumbuka kwamba nimerudi mapema kuliko siku zote. Nikavua ndala nikaingia kwa mlango wa nyuma, nimkamate huyo mwanamke.

Ulikuwa peke yako, umekaa kwenye ngazi ya jikoni, mkono kifuani, unapumua kama mtu aliyekimbia kutoka stesheni. Ulipaswa kuwa kazini. Wakati huo walikuwa wamekuhamisha kutoka karakana mpaka getini, kazi ya kukaa, nawe ukaniambia ni cheo.

"Ni vumbi," ukasema.

Unajua nilifanya nini, Baba Kabedi? Nilikuinamia, nikanusa shati lako. Nilitafuta manukato. Nikakuta jasho na sabuni, nikaridhika, nikaenda kuwasha moto wa chai. Nilikuwa na pua ya mbwa na macho ya mbuni aliyezika kichwa mchangani, sijui yalikuwa yanatazama wapi.

Tangu siku hiyo ukaanza habari ya mkeka. "Monita alikufundisha kukaa chini?" Nikasema hapana, nani anataka kukaa chini? "Mwambie akufundishe." Nikamwambia, akanionyesha: mguu mmoja nyuma, mkono kwenye kiti, goti la nyuma lishuke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisha goti la pili, kisha unakaa kwa ubavu. Kuinuka ni njia ile ile kinyume, unaegemea mbele, unasukuma kwa paja. Siku za kwanza nilibaki chini kama mende aliyepinduka, na fundi cherehani akanivuta. Baadaye nikaanza kuinuka.

Lakini kwako haikutosha. Ulitandika mkeka mbele ya nyumba kila asubuhi, ukakaa kwenye kiti na kikombe chako. "Kaa. Nyoosha miguu. Sasa simama, usishike kintu."

"Juu ya nini nisishike? Kiti si kipo?"

"Ukishika, ile nguvu haina yako."

Nilikuwa nakutazama kwa jicho la pembeni. Mtu gani anakunywa chai huku anamwangalia mkewe akipanda na kushuka? Nikamwuliza Kabedi, binti yetu, alipokuja na mumewe kutusalimu: baba yako ana nini? Akasema, mama, kwa nini usifurahi tu? Watoto wa siku hizi.

Na ndipo dada yako akatukuta. Yaya Kapinga, dada yako mkubwa, ambaye hata wewe mwenye mvi ulikuwa unazima sigara ukisikia hatua zake. Aliingia uani asubuhi hiyo akanikuta nimekaa kwenye mkeka mtupu, miguu imenyooshwa, mikono mapajani. Alisimama pale pale.

Wewe na mimi tunajua alichokiona. Mwanamke wa kwetu anakaa chini kila siku, lakini anakaa na kazi mikononi: maharage, sombe, nywele za mtoto. Anayekaa mkekani kwa mikono mitupu, miguu mbele, ni mmoja tu, naye ni mwenye kufiwa. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Kwangu yalikuwa mazoezi ya mapaja.

"Ngalula," akasema polepole, "unalilia nani?"

"Yaya, ni mazoezi. Ya magoti."

"Mazoezi ya kilio? Na bwana yako eko pale, iko nakunywa chai?"

Nikainuka haraka kumsalimu, na kule kuinuka kwangu bila kushika kitu kukazidi kuharibu. Alinitazama toka chini mpaka juu. Aliondoka bila kunywa maji.

Jumapili alirudi na mdogo wenu na mjomba wenu. Nilipika kuku, hakuna aliyemgusa. Hapo nikajua mambo yameiva. Mama Ilunga alihukumiwa mumewe akiwa kaburini, mimi nilikuwa nahukumiwa mume wangu anakohoa mbele yangu. Nilifikiria wale watoto wetu wadogo wawili waliokuwa bado shuleni, nikafikiria nyumba yetu, tuliyoijenga tofali kwa tofali, kila likizo yako. Yaya Kapinga akasema yote: kwamba umekonda, kwamba umehamishwa getini, kwamba mke wako anakwenda kwa mtu anayefungia watu ndani ya ukuta, anarudi na nguvu. "Yeye anapata nguvu, ndugu yangu anapungukiwa. Ile nguvu inatoka wapi?"

Nilikutazama. Nitasema kweli, nilikuwa na uhakika utanyamaza. Mbele ya dada yako ulikuwa unanyamaza siku zote. Nikaona jinsi ulivyoangalia sakafu, nikasema moyoni, basi, njo vile, ananitupa.

Ukasimama, ukashika ukuta.

"Ni minye nilimutuma," ukasema. "Kwa Monita, ku mukeka, yote ni minye. Dokta aliniambia moyo yangu imechoka, haitafika mbali. Niliona vile bandugu ya Ilunga balimufanya ule muke. Na ninyi ninawajua, Yaya. Ninawapenda na ninawajua. Nikikufa, mutaangalia kama Ngalula anakaa chini. Sasa muangalie leo, ningali naona. Ngalula, kaa."

Mtu kutaja kifo chake mwenyewe mbele ya dada yake, kwetu hiyo ni kama kuvua nguo. Mjomba akafunika uso. Nami ndiyo kwanza nasikia, mume wangu. Nasikia pamoja na wageni, na kuku anapoa mezani. Nilitaka kukupiga. Nilitaka kukushika. Kwa sababu sikujua kipi kitangulie, nikakaa chini. Nikanyoosha miguu. Kisha nikainuka, bila kushika kitu, na Yaya Kapinga akaanza kulia kwa sauti, akakimbilia nje.

Walipoondoka nilikurukia kwa maneno, majirani wakasikia mpaka barabara ya pili. Kwa nini hukuniambia? Uliniacha ninuse mashati!

"Ningekuambia, ungeenda?"

Nisingeenda. Kwa jina la Mungu, nisingekunja goti hata mara moja kwa ajili ya kazi ile. Ulinijua, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Nguvu zile zilipata kazi nyingine kwanza. Miguu yako ilipoanza kujaa maji, ni mimi niliyekuinua kitandani, kifua chako kwenye kifua changu, mgongo umenyooka, nasukuma kwa mapaja kama tulivyofundishwa, na wewe mrefu vile. Sikumwita mtu. Nilikuosha mwenyewe. Siku moja umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikatika nikiwa nimekubeba katikati ya chumba, tukasimama gizani tumeshikana, ukaniambia sikioni kwamba Monita apewe jogoo. Nilicheka mpaka karibu nikuangushe. Alipewa, jogoo mwekundu, yule mkorofi.

Kisha ukaenda.

Kilio kilijaa. Nilikaa kwenye mkeka, mikono mitupu, na nilihisi macho yao mgongoni kama jua la Oktoba. Watu wa kwenu waliotoka mbali, ambao hawakuwepo ile Jumapili, walikuwa wananihesabia pumzi. Nilikaa. Magoti yaliniuma, sisemi uongo, lakini yalikaa. Mtu mmoja alileta kiti akakiweka karibu nami, na mpaka leo sijui kama ni huruma au ni mtego. Nilikisukuma kwa mguu.

Siku ya kumaliza kilio, kama ilivyo desturi ya kwenu, dada mkubwa wa marehemu ndiye anayemshika mjane mkono na kumtoa mkekani. Akisimama, ukoo umemwachilia, anabaki na nyumba na watoto. Akianguka, watasema marehemu amemvuta, ana jambo naye. Yaya Kapinga akaja, akaniinamia, akanipa mkono.

Mkono haukuvuta.

Ulikuwa ndani ya mkono wangu, mzito, umelegea, kama kitambaa kilicholowa. Nikamtazama usoni. Alikuwa ananitazama. Hakuna mwingine aliyejua, watu wote waliona mkono umeshika mkono. Nikakunja mguu, nikaegemea mbele, nikasukuma kwa paja la kulia, polepole, sawa na mtu asiyetaka kuamsha mtoto, nikasimama wima. Wamama wakapaza sauti. Walidhani wameona mjane akiinuliwa.

"Ndugu yangu alikufundisha muzuri," akaniambia sikioni. Halafu akawageukia wote, kwa sauti ile ile iliyokuwa inazima sigara yako: "Mumuache Ngalula mu nyumba yake. Na batoto, mubaache kwa mama yabo."

Nimemshuku kwa mkono ule mpaka leo. Labda alitaka nianguke. Labda alitaka nisimame mwenyewe, aone kama kazi yako ilikamilika. Anakuja siku hizi, anakunywa maji, tunamega mikate, na simwulizi. Bado naenda kwa Monita. Wale wadogo wanasoma. Asubuhi, kabla hawajaamka, natandika mkeka mbele ya nyumba, nakaa, nainuka, na kile kiti chako kiko wazi, na hapo ndipo hasira inanipanda na upendo unanipanda, vyote kwa pamoja, nabaki nimesimama uani kama mjinga.

Maana nilikushuku mwanamke, mume wangu. Nilikushuku kijiji na jembe, nilimshuku Monita, nilishuku hadi sabuni ya shati lako. Mke mwenye kushuku kila kitu, na kitu kimoja tu hakikunipitia kichwani: kwamba ulikuwa unaniaga.

Kwaheri, Baba Kabedi. Sisi tuko nyumbani.

Ni mimi mkeo, mama wa watoto wako